Siku Niliyosema Mlango Hauna Kosa

Mnaniita pensionné, na mimi nacheka pamoja nanyi, kwa sababu ni kweli nimestaafu, ingawa sijafika miaka thelathini na tano. Mkono wangu wa kushoto ulistaafu kwanza, mimi nikaufuata. Sasa nina meza yangu kando ya barabara, nafungua telekomandi za watu, nabadilisha betri, nasafisha vitufe. Na ninyi mnaofanya kazi niliyoiacha, kazi ya milango ya garaji inayojifungua kwa mota, mnasimamisha pikipiki na kuniuliza bila kuvua kofia: vieux, mzee, huu unapanda nusu unasimama, vieux, huu unashuka, unagusa chini, unarudi juu. Nimechoka kujibu mkiwa mnaondoka. Basi nimeandika. Someni mkiwa mmekaa.

Nianze na jambo ambalo sikumwambia mteja hata mmoja. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa video za kwenye simu, na kwa vijitabu vya viwandani vilivyoandikwa Kiitaliano na Kichina, nikitazama michoro tu. Mlango wangu wa kwanza niliununua kama chuma chakavu nikaufunga kwenye ua wa mzee tuliyemwita tata Ilunga, mchomeleaji wa mtaa wa Musonoi hapa Kolwezi, aliyenionea huruma. Niliupandisha na kuushusha wiki nzima, mpaka majirani wakamuuliza kama garaji hiyo itapata gari lini.

Kwa miaka yote kumi na miwili niliogopa kitu kimoja: kwamba siku moja mtu mwenye diploma atasimama nyuma yangu, ataangalia kazi yangu, na atacheka. Kwa hiyo nilipima kila kitu mara tatu. Niliandika kila kitu kwenye daftari. Nilirudi kwa mteja kesho yake bila kuitwa, kukaza skurubu niliyojua nimeikaza. Tata Ilunga alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa. «Wee, kazi unajua,» aliniambia. «Kulala njo haujue,» yaani kulala ndiko nisikokujua.

Sasa kazi yenyewe.

Ukifika kwenye mlango mgonjwa, usiguse mota. Vuta kwanza ile kamba nyekundu inayoutenganisha mlango na mota, kisha uinue mlango kwa mkono mpaka kiunoni, uuachie taratibu. Ukibaki pale pale, resori ni nzima. Ukianguka kama gunia, mota haina hatia. Watu wengi hawajui kwamba mota haibebi mlango. Resori ndiyo inayobeba, ule waya mnene uliosokotwa juu. Mota inasukuma tu. Nimeona mafundi wawili wakiuza mota mpya kwa mlango uliokuwa na resori iliyokatika, na mota mpya nayo ikaungua mwezi huo huo.

Na resori ya juu huizungushi kwa bisibisi. Kuna vyuma viwili vya mviringo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, virefu, vinavyoingia kwenye tundu bila kuchezacheza. Mimi nilikuwa navyo. Nilikuwa navibeba kila siku, nimevifunga kwa kitambaa. Mwaka wa kumi na mbili, siku moja tu, niliviacha nyumbani, nikaona aibu kumwambia mteja kwamba nimesahau chombo, nikachukua bisibisi kubwa. Iliteleza, resori ikaipiga kwenye mkono wangu wa kushoto, na vidole viwili havijikunji tena. Mnapenda kuniuliza ilikuwaje, ilikuwa hivyo. Sio ujinga, kwa sababu nilijua. Ilikuwa aibu.

Reli msizipake mafuta yaliyokwisha tumika ya gari. Najua kila sentineli, mlinzi wa geti, anayo kwenye kopo na anapenda kusaidia. Vumbi letu jekundu likikutana na mafuta hayo linakuwa uji, uji unakuwa matofali, na magurudumu ya mlango yanaanza kulia. Futa reli kwa kitambaa kikavu. Bawaba na magurudumu yatie mafuta mepesi, kidogo, ufute yanayobaki.

Mlango unaoshuka halafu unarudi juu, tazama macho yake, yale mawili madogo yanayotazamana karibu na sakafu. Moja likifunikwa na vumbi, au likigeuka kidogo kwa sababu gari limeligusa, mlango unadhani kuna mtoto amesimama katikati, na unarudi. Yafute kwa kitambaa laini. Wakati wa kiangazi, jua la jioni likiingia moja kwa moja kwenye jicho, mlango unapofuka. Kata kipande cha bomba, kifanye kivuli, umemaliza. Lakini kama unagusa sakafu kabisa ndiyo unarudi, macho hayana kosa. Mpaka wa chini, pale mota inapoambiwa isimame, umewekwa mbali mno, au kuna kokoto.

Umeme wa grupu, ile jenereta ya nyumbani, ukiwa hafifu, mota inanguruma bila kwenda. Mjusi akiingia kwenye kisanduku cha mota, unamkuta amekauka juu ya saketi. Na telekomandi za kunakili sokoni, tahadhari. Niliwahi kuitwa na bwana mmoja aliyeamini kwamba mke wake anafungua garaji kila asubuhi mara tu yeye akiondoka. Nilikaa nao siku moja. Jirani wa mtaa wa pili alikuwa amenakilishiwa namba ile ile, na kila alipotoa gari lake, milango miwili ilifunguka. Nilipowaonyesha, mke alisimama. Aliingia jikoni, akatoka na chai moja, akanipa mimi.

Nakumbuka chai hiyo kwa sababu zilikuwa chache. Hili mtalijua wenyewe: kazi yetu haina watu. Unafunguliwa geti, unaonyeshwa garaji, mwenye nyumba anaingia ndani. Unakula mkate wako umekaa kwenye sanduku la vyombo. Mlango ukipona wanakusahau, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu hakuna anayeufikiria mlango unaofunguka. Simu yako inalia pale tu kitu kinapokuwa kimekwama. Niliishi hivyo katika chumba kimoja, na daftari zangu zimepangwa kwa mwaka. Nilidhani upweke huo ni bei ya kufanya kazi vizuri. Kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumwuliza, nilijizoeza kutouliza.

Mwaka wangu wa saba aliniita mama mmoja, nitamwita mama Béa, aliyekuwa na duka la vitambaa mjini. Mume wake alifanya kazi Lubumbashi. Nyumba yao ilikuwa upande unaopakana na kariere, lile shimo la mgodi, ambako kila ukuta una ufa na watu wanaziba nyufa kwa saruji kabla ya mvua, kila mwaka nyufa zile zile. Garaji ilifungukia njia ya pembeni. Sentineli alikaa mbele, kwenye geti kubwa, na kutoka pale hakuweza kuiona.

Sentineli huyo aliitwa tata Kalonji. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mtu wa asili ya Kasai aliyezaliwa hapa hapa Kapata, katika zile nyumba za safu walizopewa baba zao walipoletwa mgodini. Mara mbili mama Béa alirudi alasiri akakuta garaji iko wazi kabisa. Mara ya tatu baiskeli ya mtoto na betri ya gari havikuwepo. Telekomandi zilikuwa mbili, moja katika mkoba wake, nyingine kwa tata Kalonji. Kulikuwa pia na kitufe ukutani, ndani ya garaji. Aliponiita alitaka neno moja: ni mashine au ni mtu.

Hapa kwetu, mnajua, sentineli haingii kazini peke yake. Anaingia na mtu anayesimama nyuma yake, anayesema namjua huyu. Aliyesimama nyuma ya tata Kalonji alikuwa tata Mbuyi, kaka mkubwa wa mke wake. Mama Béa alimwita naye, aje asikie.

Nilifika asubuhi. Nilipima resori, waya, magurudumu, macho, mpaka wa juu, mpaka wa chini. Niliupandisha na kuushusha mlango mara arobaini, nikiandika kila mara. Hata mara moja haukukosea. Tata Kalonji alinifuata kila nilipokwenda, mikono nyuma.

«Fundi,» alisema, «mulango inajifungula yenyewe. Nyuma ya tir naenda kuangaria, naikuta wazi.»

Tir, kwa msomaji asiye wa Kolwezi, ni mlipuko wa kariere. King'ora kinalia, kila mtu ananyamaza kidogo, wanawake wanaweka mkono juu ya vikombe kabatini, ardhi inagonga nyayo mara moja, na maongezi yanaendelea pale yalipokatika. Tumezoea kiasi kwamba ni saa yetu. Tunaagana: tuonane nyuma ya tir, yaani baada yake. Mtoto anaambiwa arudi nyumbani mbele ya tir. Kwa hiyo tata Kalonji aliponiambia hivyo, niliandika kwenye daftari: «alasiri». Na kama mngekuwa ninyi, nadhani mngeandika hivyo hivyo. Mtu wa mji mwingine angeuliza swali. Mimi nilizaliwa hapa.

Saa sita tulisimama uani, sisi wanne. Mama Béa aliuliza. Tata Kalonji alinigeukia kabla sijajibu.

«Ngoja kwanza, fundi. Ubakie mpaka nyuma ya tir, ujionee.»

Nilimwambia nina mlango mwingine unaningoja. Hakukuwa na mlango mwingine. Nilikuwa nimepima mara arobaini, watu watatu walikuwa wakinitazama kama mtu anayejua, na niliogopa kwamba nikibaki kitatokea kitu nisichoweza kukieleza mbele yao. Nikasema: «Mlango hauna kosa, maman.» Nikasema kwa Kiswahili cha shule, ili neno liwe na uzito.

Tata Mbuyi hakunitazama mimi. Alimtazama shemeji yake, halafu akatazama viatu vyake mwenyewe, akaomba ruhusa ya kuondoka. Niliandika karatasi, nikasaini. Tata Kalonji alitoa telekomandi mfukoni, akaifuta kwenye shati, akampa mama Béa.

Baada ya wiki sita mama Béa alinipigia tena. Alikuwa na sentineli mpya, na mlango ulikuwa umefunguka mara mbili wiki hiyo. Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe kwamba si anavyofikiri.

Siku hiyo nilifika mchana kwa sababu asubuhi nilikuwa na kazi kweli. Nilikuwa nimekaa kwenye sanduku la vyombo, nikitazama mlango uliofungwa, king'ora kilipolia. Nikanyamaza kama kila mtu. Ardhi ikagonga. Vumbi jembamba likashuka kutoka kwenye ufa wa ukuta wa kulia, taa ya mota ikawaka, na mlango ukaanza kupanda, taratibu, vizuri kabisa, kama nilivyourekebisha. Ng'ambo ya njia mama mmoja anayeuza karanga aliniona nimekaa pale, mdomo wazi. Aliniamkia.

Nilihitaji dakika tano tu. Waya wa kile kitufe cha ukutani ulipita ndani ya ufa. Kila mwaka walipoziba, saruji iliubana zaidi, na kila tir iliusaga, mpaka nyuzi mbili za shaba zikabaki bila nguo yake ya plastiki, zikiwa karibu kugusana. Ukuta ukitikisika zinagusana, na mota inadhani mtu amebonyeza. Nilipima mlango mara arobaini. Ukuta sikuupima.

Shikeni hili: mlango unaojifungua wenyewe, chomoa nyaya za kitufe cha ukutani kwenye mota, uache siku nzima. Ukitulia, kosa liko kwenye waya. Na mwenye nyumba akikuambia saa ambayo kosa linatokea, uwepo saa hiyo. Na kwenye karatasi, kama hujaona, andika: sijaona bado. Ni maneno mawili. Mimi yalinishinda miaka saba.

Mama Béa alisikiliza akiwa amesimama, halafu akakaa kwenye ngazi. Alisema tata Kalonji arudi, kazi yake ipo. Simu ya tata Kalonji ilikuwa haipatikani. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Kapata kuuliza nyumba kwa nyumba, mimi ambaye naandika kwanza kwenye karatasi maneno ya kumwambia mtu kabla ya kumpigia.

Mke wake, mama Charlotte, alinifungulia. Aliniambia mume wake yuko machimboni Mutoshi, anawaoshea vijana mawe ya shaba. Hakuniuliza nataka nini. Aliniambia tu, huku akipepeta unga, kwamba tangu mambo yale mume wake hajakanyaga kwa kaka yake yeye, tata Mbuyi, anazunguka njia ya nyuma ili asipite mbele ya nyumba ile, na kwamba kaka yake naye hajatuma mtu kuuliza.

Nilichukua taximoto. Tata Kalonji alikuwa ndani ya maji ya matope mpaka magotini, kati ya vijana wachimbaji ambao mkubwa wao angekuwa mwanawe. Mmoja aliniona kwanza. «Tata Mulango,» aliita, «mugeni wako anafika. Uangarie, mifuko yetu isijifungule.» Wengine wakacheka. Nikaelewa kwamba alikuwa amewasimulia ukweli, na ukweli ndio uliompa jina hilo.

Nilisema yote kwa haraka, nimesimama ukingoni. Hakuacha kutikisa chujio.

«Ni waya?»

«Ni waya ndani ya ukuta, tata. Tir njo ilikuwa inautikisa.»

«Nilikuambia ungoje.»

«Ndiyo, tata.»

Nilimwambia mama Béa anamwita. Alimwaga maji, akachagua jiwe moja, akalitupa kwenye rundo. Alisema kuhusu kazi atafikiri. Halafu akanyoosha mgongo na kunitazama kwa mara ya kwanza.

«Kwa mama Béa ilikuwa kazi tu,» alisema. «Ile siku ulisema mbele ya beau, shemeji yangu. Kwa beau njo kwenye nilioa. Donc kazi yako ingali kule.»

Tulikubaliana Jumapili, baada ya misa. Siku hiyo nilivaa shati la mikono mirefu na nikabeba kipande cha ule waya ndani ya bahasha. Nilikuwa nimeandika maneno yangu, nikayasoma mara nyingi mpaka nikayachukia. Tata Kalonji alitembea nami hadi kwenye ua wa shemeji yake, akasimama kwenye uzio wa maua, hakuvuka. «Weye ingia,» alisema.

Sebule ilikuwa ndogo na safi. Tata Mbuyi alikuwa amekaa, mke wake kando yake. Alinionyesha kiti. Nikatoa waya, nikaanza kueleza: mota, kitufe, nyuzi mbili, ufa. Nilieleza vizuri. Nilikuwa nikichora kwa kidole mezani aliponyanyua mkono.

«Fundi, mi si mutu ya mashini. Sema tu. Shemeji yangu alifungula ule mulango, ao hakuufungula?»

«Hakuufungula, tata.»

Mke wake alitoa sauti ndogo, si neno. Tata Mbuyi aliuchukua ule waya, akautazama kama mtu anavyotazama jino lililong'olewa.

«Na ile siku, ulijua?»

Hili sikuwa nimeliandika. Ningeweza kusema sikujua, na lingekuwa kweli kwa mtu asiyesikiliza sana.

«Nilijua kwamba sijue,» nilisema. «Aliniomba ningoje. Nilisema niko na mulango ingine. Nilibeya, haikukuwako.»

«Juu ya nini?»

«Niliogopa mutanicheka.»

Alinitazama usoni. Sijui alitafuta nini. Labda alitaka kuona kama mtu mzima anaweza kumwangusha mwenzake kwa sababu ndogo kiasi hicho. Hakunitukana. Hakusema si kitu. Aliuweka waya mezani, akaenda hadi mlangoni, akaita nje, si kwa sauti kubwa.

«Beau. Ingia.»

Tata Kalonji aliingia amevua kofia. Wakashikana mikono, mkono wa kushoto wa kila mmoja umeshika kiwiko chake cha kulia, kama mashemeji wanavyosalimiana. Halafu tata Mbuyi akarudi kukaa, na tata Kalonji akabaki katikati ya chumba, kwa sababu viti vilikuwa vitatu, na cha tatu nilikuwa nimekikalia mimi.

Nikainuka. Nikakifuta kwa kiganja, nikakisogeza mpaka kikagusa nyuma ya magoti yake.